Fainali ya Binti wa Fundi Seremala

Watu elfu tano walikuwa wakigeuza shingo kushoto na kulia kuufuata mpira, isipokuwa fundi seremala mmoja wa safu ya tatu. Yeye hakuwa na habari na mpira.

"Mzee wangu, mpira uko kule," alimnong'oneza mama mwenye kofia pana aliyeketi kando yake.

"Mpira sina shida nao, mama. Namtazama binti yangu."

Ulimi hauna mfupa. Alikuwa ameapa asiseme, na seti ya kwanza haijaisha ameshasema. Jana yake binti alimpigia simu kumpa masharti. "Baba, usinipungie mkono, usiniite jina la nyumbani, na usimwambie mtu kuwa mimi ni wako. Ni fainali yangu ya kwanza, na wakubwa watakuwa wananitazama. Nikiteleza hapo narudi viwanja vya pembeni, pengine mpaka nizeeke." Fundi aliapa kwa vidole vyake vyote tisa, maana cha kumi msumeno ulishakichukua zamani.

Mama mwenye kofia alishika kifua. "Binti yako yumo humo uwanjani? Kwenye fainali ya tenisi ya wanawake? Na wewe umekaa na sisi huku juani?"

"Nilikata tiketi kama watu wote. Mwenyewe hataki upendeleo."

"Haya niambie, ni yupi? Mrefu au Mashoto?"

Hayo ndiyo majina ambayo majukwaa yaliwapa wachezaji tangu raundi ya kwanza. Mrefu alikuwa kipenzi cha uwanja mzima. Hata akipiga chafya watu wanashangilia. Mashoto alikuja hajulikani, hana mtu wa kumpigia makofi, ila huo mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshawatoa vigogo watano. Fundi alikumbuka kiapo, akaufunga mdomo na kuangalia mbele.

Mama hakukata tamaa. Aliigeuza kofia yake nyuma, akaanza upelelezi. Mashoto alipata pointi, fundi akapiga makofi. "Ahaa!" Mrefu naye akapata, fundi akapiga makofi yale yale.

"Mzee, unapiga makofi kotekote kama mgeni rasmi! Chagua upande."

"Nilishachagua, mama. Tangu siku aliyozaliwa."

Vipaza sauti viliomba kimya. Fundi alinyamaza kabla ya wote, tena uso umemkunjuka kwa furaha.

Wakati wa mapumziko mafupi alishindwa kujizuia tena. Alimsimulia yule mama jinsi binti alivyokuwa mdogo na mkaidi, akishinda karakanani kutazama wanaume wakicheza drafti. Alikuwa haoni ubao, basi baba yake akamchongea stuli ndefu kwa mabaki ya mbao. Siku moja fundi alibakiza hatua mbili kumfunga jirani yake, mtu mwenye maneno mengi. Akagusa kete, akaghairi, akashika nyingine. Sauti ikatoka huko juu ya stuli: "Baba, umeshaigusa ile. Cheza hiyo hiyo." Fundi akafungwa, na jirani akamcheka wiki nzima.

"Hukumchapa?" aliuliza mama.

"Nilinuna siku tatu. Ya nne nikaipaka stuli yake vanishi."

Walicheka wote wawili, mpaka watu wa safu ya pili wakageuka.

Seti ya tatu haikuwa na kicheko. Wachezaji walikwenda sambamba, pointi kwa pointi, na fundi alikuwa ameloa jasho kuliko waliokuwa wakikimbia. "Hajala tangu asubuhi," alilalamika. "Siku ya kazi hali, namjua." Mama mwenye kofia akampa chupa yake ya maji, na fundi akayanywa yote bila kujua.

Kisha Mashoto akabakiza pointi moja tu kulitwaa kombe. Alipiga mpira wa mshazari. Mrefu alijinyoosha akaukosa, na mpira ukatua pale pale penye mstari, ukaacha alama kwenye udongo mwekundu.

"Nje!" alipaza sauti mtu wa mstari, mkono ameunyoosha.

Uwanja ulilipuka. Mama aliirusha kofia yake hewani, isirudi. Mashoto alishika kichwa, akakimbilia ile alama, akaionyesha kwa raketi. Mrefu naye akaja akasimama upande wa pili. Majukwaa yakaanza kuimba, "Nje! Nje! Nje!" na miguu ikipigwa chini kwa pamoja.

Fundi alisahau masharti yote, akasimama wima. Aliogopa kweli, kuliko siku ya msumeno.

"Kama ulivyozoea, mwanangu," alisema peke yake. "Kama ulivyozoea."

Mama mwenye kofia, sasa hana kofia, alimtazama kwa huruma. "Pole, mzee wangu. Kumbe wako ni Mashoto."

Binti wa fundi akashuka kutoka kwenye kile kiti kirefu cha mwamuzi, akapita katikati ya wachezaji wote wawili, akaiinamia alama kama alivyokuwa akiuinamia ubao wa drafti, kisha akanyoosha kiganja chini mbele ya watu elfu tano: ndani. Mrefu akaitazama alama, akacheka, akawa wa kwanza kumpa mwamuzi mkono.