Mchinjaji Ashtuke

Haya kanisimulia jirani yangu Riziki jana asubuhi, na leo nimemwona mumewe akiwasha jiko peke yake.

Ile tamthilia ya mauaji inayosifiwa kila mahali, kila mtu lazima aitazame simuni, na simu nayo humtazama yeye. Asiyeshtuka damu ikimwagika huhesabiwa muuaji. Huitwa, wala harudi.

Makame, mume wa Riziki, ni mchinjaji, damu haimtishi. Basi juzi usiku, kisu kilipoinuliwa mle simuni, Riziki akamfinya paja.

"Mama wee," Makame akaruka.

"Hata ng'ombe wako hawaruki hivyo," Riziki akacheka.

"Na wewe je, mke wangu? Si ulikuwa ukinitazama mimi tu?"

Riziki akageuka. Taa nyekundu ya simu ilikuwa imemwelekea yeye. Akajishtusha, lakini kisu kilishapita. Walipolala, Makame akakoroma, naye Riziki mwishowe akasinzia, simu ikimtazama.