Kundi la Maren

Somo la mwaka mzima la binti yangu Maren nililiandaa kwenye meza ya jikoni, maana namsomesha nyumbani na shule yetu ndiyo hiyo. Mada ilikuwa mto wetu, na ndani yake historia, sayansi, hesabu na ushairi. Jirani wa karibu zaidi yuko umbali wa maili sita.

Maren alisoma mpango huo mpaka kidole kikakwama kwenye mstari mmoja.

"'Mjadala, watu wanne.' Mama, mimi na nani? Na kuku?"

Nikacheka, nikashika kifutio.

"Usifute." Akachukua penseli, akaandika majina matatu bila kusita.

"Hawa ni kina nani?"

Nje, basi la njano la shule likapita bila kupunguza mwendo. Maren alishafika dirishani.

"Wale wa siti ya nyuma," akasema. "Majina nimewapa mimi."