Matofali ya Nunow

Wazee walikuwa wakimngoja Nunow amalize kusikiliza Kurani, na chai ilikuwa imeshapoa.

Hakuna aliyethubutu kumgusa. Mtu ameinamisha kichwa, waya masikioni, midomo inachezacheza, utamkatiza vipi? Mzee Kulow, adeer, yaani ami, wa Ugbad aliyekuwa akiposwa, ambaye ndiye angekubali au kukataa posa, alifumba macho na kunong'ona, "Subhanallah." Shekhe aliyeletwa kufungisha ndoa aliwaashiria watoto uani wapunguze kelele.

Ndani ya mkunjo wa shuka la Nunow, matofali yalikuwa yanaanguka.

Nunow alikuwa dalali wa mbuzi pale Garissa. Mwaka huo wa 1999 bei ilikuwa nzuri, naye akaona ni wakati wa kuongeza mke wa pili. Alimtaka Ugbad, mjane mwenye duka la nguo, na alimtaka kwelikweli: hata sokoni alikuwa akisahau kutukana wanunuzi. Mkewe, Nafiso, alipoambiwa aliumia, na akasema ameumia. Kisha akafuta uso, akasema dini inaruhusu, Mungu awape heri. Nunow, aliyekuwa amejiandaa kwa vita, karibu asikitike.

Haukupita muda kikaja kifurushi. Kilifika kama vifurushi vyote vilivyofika Garissa: mtu alimpa mtu, naye akampa mtu. Ilisemekana kimetoka Jeddah kwa binamu yake Abdifatah, ambaye tangu aende huko hakuwahi kumtumia hata kokwa ya tende.

Ndani mlikuwa na redio kaseti ya mfukoni, wokmani. Lakini hii ilikuwa na kioo kidogo na vitufe: ukichoka kusikiliza, unacheza gemu. Matofali yanashuka, unayapanga, mstari ukijaa unafutika, na mengine yanakuja. Pamoja nayo kulikuwa na kaseti ya Kurani. Nunow aliusikiliza upande wa kwanza wote. Upande wa pili hakuugusa.

Nafiso alikichukia kile kidude waziwazi.

"Hii kitu itakuharibu macho," alimwambia. "Leo wazee wanakungoja kwa Mzee Kulow. Weka chini, uende."

Sasa, kumkataza Nunow ni kumtuma. Alikaa tena mkekani, akapachika waya masikioni, ili ijulikane nani mwenye nyumba. Kikao cha kwanza cha posa kikampita hivyo. Cha pili, cha kuelewana mahari, nacho kikampita. Kila mara alienda kuomba radhi: alikuwa anasikiliza Kurani, machozi yakamlemea, wakati ukapita. Wazee walimsamehe. Mzee Kulow alifika mahali pa kumwambia Ugbad amepata mcha Mungu.

Na ile wokmani haikuzimika. Betri za sokoni zilikufa upesi kama vifaranga, lakini hizi za Jeddah zilikuwa na baraka. Kila alipowasha, ziko na nguvu.

Kikao hiki sasa kilikuwa cha mwisho. Mzee Kulow alikuwa amesema kuna mfanyabiashara wa Masalani anayemtaka Ugbad, na subira ina mpaka. Nunow aliapa asubuhi hiyo kwamba hatakigusa kidude. Pengine angetimiza. Lakini Nafiso alimfuata hadi mlangoni, mbele ya majirani, akanyoosha mkono.

"Niachie mimi hiyo wokmani. Utatuaibisha."

Mume gani atakubali kupekuliwa mifuko mlangoni pake? Akaondoka nayo.

Ndiyo maana wazee walikuwa kimya na chai imepoa. Nunow alikuwa karibu kuvunja rekodi yake. Tofali refu alilolingoja kwa muda likatokea juu ya kioo. Akajivuta mbele, waya ukachomoka.

Chumba kizima kikajaa muziki wa gemu, tiriri tiriri, mwembamba na wa furaha. Shekhe, aliyehifadhi Kurani yote tangu utotoni, alitega sikio kidogo, akatikisa kichwa.

"Waryaa Nunow," Mzee Kulow alisema polepole. "Hii ndiyo Kurani ilikuwa inakuliza?"

"Dakika moja tu, adeer," alisema Nunow, bila kuinua kichwa.

Sauti ya Ugbad ikatoka nyuma ya pazia, tulivu kabisa. "Adeer, mwite yule wa Masalani. Huyu aoe kidude chake."

Kabla ya magharibi mji mzima ulikuwa na habari. Nunow alirudi nyumbani amejikunja kwa aibu, akingoja kuambiwa "nilikwambia." Hakuambiwa. Nafiso alimwekea nyama ya ngamia, akamjazia kikombe, akasema watu wa Kulow hawana adabu, mtu hafukuzwi namna hiyo. Nunow aliguswa sana. Aliapa moyoni kwamba mwanamke kama huyu haongezewi mwenzake maisha yote, kisha, ili kujituliza, akachukua wokmani.

Asubuhi Nafiso alishuka sokoni Suuq Mugdi, hadi kibanda cha Sabirin, ambaye ndugu yake huleta bidhaa kutoka maduka ya Islii. Alingoja wateja waondoke.

"Nipe betri zangu za kila wiki," alisema. "Na ndugu yako akienda tena Islii, aniletee wokmani nyingine kama ile."

"Kwani ile imeharibika, walaal?"

"Ile inafanya kazi vizuri sana, alhamdulillahi. Hii ni ya jirani yangu Maryan. Mume wake ameanza kupaka ndevu hina."