Spoki Zilizoitikia

Kesho Mumbua angeshindana kupanda vilima vya Kilungu kwa baiskeli, na alikuwa na pea mbili za magurudumu ya kuchagua. Moja ilitoka duka la Nairobi, nyeusi, inang'aa. Nyingine mamake aliifunga kwa mkono, spoki baada ya spoki, katika karakana yake pale Emali.

"Usinionee huruma," mama akasema. "Beba yenye itakufikisha juu."

Mumbua akazikwaruza kwa kucha spoki za gurudumu la mbele la dukani. Kila moja ikajibu kivyake, hii imekazwa, ile imelegea.

Akageukia la mama. Zote zikatoa sauti moja, safi, ile ile ambayo mama huanzia wimbo kanisani kabla kwaya haijaitikia.

Mumbua akainua kichwa, akaitikia kama kwaya.

Mama alikuwa ameshashika spana, tayari kuyafunga yale yake kwenye baiskeli.