Bluu ya Sebuleni

Fundi rangi alikuwa juu ya ngazi, binti juu ya meza, na wote wawili walikuwa wakipaka kama watu wanaofukuzwa. Simu ilishapigwa: mama yuko njiani kutoka hospitali, macho yamefanyiwa operesheni. Ukuta mmoja wa sebule bado ulikuwa wa kijivu.

Uongo ndio uliowafikisha hapo. Binti huyu ni mpambaji wa nyumba, tena mwenye jina lake mjini. Mama yake alipoanza kupoteza nuru ya macho aliomba kitu kimoja tu: sebule ipakwe upya, bluu ile ile aliyoipaka marehemu mumewe walipohamia. Alisema hata asipoiona, atakaa akijua imemzunguka. Binti akaitikia vizuri, ndiyo mama, kisha akapaka kijivu. Bluu ile, alimwambia fundi, ni ya zahanati. Siku hizi watu wanataka kijivu, na sebule hii wateja wake wangeiona pichani.

Mama akaambiwa ni bluu. Wageni nao wakanong'onezwa mlangoni. Kila aliyeketi aliulizwa na mama anaionaje rangi ya ukuta, na kila mmoja akaisifu bluu huku akikitazama kikombe chake. Mama akawa anatabasamu tu, na mambo yakaenda.

Yakaenda mpaka wiki hii, mama mdogo alipopiga simu kusema daktari amekubali kumfanyia dada yake operesheni. Binti alifurahi hadi akalia. Kisha akautazama ukuta, na furaha ikamkauka. Aliomba aende naye hospitali, lakini mama alikataa katakata: mdogo wake anamtosha, yeye ashughulikie kazi zake. Kazi yenyewe ndiyo hii sasa.

"Ningekuwa wewe, ningemwambia ukweli," fundi alisema, akichovya rola.

"Ungekuwa mimi, ungepaka kimya kimya."

Kugombezwa hakukumtisha binti. Alichoogopa ni mama kufumbua macho baada ya miaka yote ile, na kitu cha kwanza atakachokiona kiwe uongo wa mwanawe.

Kona ya mwisho ilipakwa huku gari likipiga honi nje. Binti akabandika karatasi kwenye fremu ya mlango, RANGI MBICHI, kwa herufi kubwa kama za kibao cha duka, akafuta mikono kwenye suruali.

Mama aliingia amevaa miwani ya jua, ameshikwa kiwiko na mdogo wake, aliyeeleza kwamba ni ili mwanga usiyasumbue macho mapema. Akasimama. Akavuta pumzi ndefu. Akageuza uso polepole, kona hadi kona.

"Bluu yangu," mama alisema.

Akapeleka kiganja ukutani, kando kabisa ya ile karatasi, akakibandika hapo. Kilitoka kimejaa rangi. Fundi aliguna, maana hapo ni pa kurudiwa, akabeba ngazi yake kwenda nje. Binti alicheka na kulia kwa pamoja, akamkumbatia mama yake, akakimbilia jikoni kuchemsha chai kabla hajaropoka.

Wakabaki dada wawili. Mama akavua miwani.

"Haya, wewe hujawahi kunidanganya. Ni bluu kweli?"

"Bluu, dada. Mpaka nyuma ya kabati."

Mama akapapasa kiti, akaketi taratibu, kiganja chenye rangi amekiweka juu ya goti.

"Daktari alisema macho haya hayafai kupasuliwa," alisema. "Hakutukataza kusema yamepasuliwa."