Wimbo wa Wageni

Mchungaji aliposema wageni wasimame, Nyamizi alisimama.

Kanisa zima likageuka. Mgeni gani huyu, aliyebatizwa hapahapa Katoro, akaimba kwaya mpaka alipotengwa kwa kuishi na mchimbaji bila ndoa? Tangu hapo alikaa benchi la mlangoni, akisikiliza watu wasiojulikana hata kwao wakiimbiwa wimbo wa kukaribishwa na kupewa mikono. Alikuwa na hamu na ule wimbo kama mtu mwenye kiu.

Aliificha mikono nyuma. Udongo mwekundu wa kuosha mchanga wa dhahabu ulikuwa umegoma kutoka kwenye kucha.

“Nyamizi, keti,” mzee wa kanisa akamwambia. “Wewe tunakujua.”

“Ndiyo maana nimesimama, baba. Mnaowaimbia ni wageni.”

Kisha mama mzazi wa yule mzee, bibi asiyeinuka bila kushikwa, akajiinua kutoka benchi la mbele, akajikongoja hadi mlangoni. Akautafuta mkono mmoja uliofichwa, akaushika na udongo wake, akasimama pale pale.

“Haya,” akamwambia mwanawe. “Tuimbieni.”