Ufa Juu ya Mlango

Fundi mwashi aligoma kuingia. Alisimama mlangoni akiukodolea macho ufa juu ya fremu, mwembamba kama uzi, huku mkewe akimsukuma mgongoni.

"Ingia, baba watoto. Mama wa watu anakungoja."

Ndani, mshauri nasaha alikuwa ameshapanga viti.

"Toka humo, mama," fundi alisema. "Hiyo nyumba haifai."

Mkewe aliona haya. Tangu ukuta wa chumba kimoja kazini ulipomwangukia na kumuua mdogo wake fundi, mwenyewe halali ndani. Majirani wanamcheka: kajenga nusu ya mtaa, analala uani kama mbuzi. Ndugu nao hawana lingine ila jikaze, yaliyopita si ndwele.

Mshauri aliutazama ule ufa. Hakucheka, wala hakusema ni plasta tu. Alibeba kiti kimoja, kisha cha pili, akaviweka uani juani, mbali na kuta. Akaketi.

Fundi alikaa taratibu, akaanza kukwangua kucha kana kwamba zina saruji, na mwiko hajaushika tangu msiba.

"Siku ile," mshauri aliuliza, "mdogo wako aliingia mle chumbani kufanya nini?"

Polisi walikuwa wameuliza habari za ukuta. Ndugu waliuliza habari za mazishi. Hili hakuna aliyeliuliza.

Fundi alikwangua mpaka kidole kikatoka damu. Mkewe akataka kumshika mkono. Mshauri akamzuia kwa jicho.

"Nilimwita aniletee maji," fundi alisema. "Nilikuwa na kiu."